Upande wa Pili wa Kitanda

Tuanze na filamu yenyewe, maana mtaa wetu wote wa Kimanga unaisema vibaya na kwa hilo una haki. Ilikuwa filamu ya Kihindi ya mapenzi. Mathieu, mwenye ukumbi wa video, aliitangaza wiki nzima kwa picha aliyoibandika mlangoni: mwanamke mwenye sari nyekundu, mvua inamnyeshea, mwanamume nyuma yake amefungua mikono. Mtu akiona picha ya namna hiyo anajua anachokuja kupata. Atapata nyimbo na kucheza, atapata baba mkali, ngumi mbili tatu, na mwishoni harusi. Basi Jumapili ile, baada ya misa na chakula cha mchana, akina mama wakajaza mabenchi, vitambaa vya kupangusia machozi tayari mkononi.

Mvua haikunyesha. Sari nyekundu haikuonekana hata mara moja, na mpaka leo sijui Mathieu aliitoa wapi picha ile. Walichoonyeshwa watu ni mwanamume na mwanamke wa makamo wanaokunywa chai katika nyumba ya ghorofa. Wakimaliza chai wanaangalia dirishani. Wakichoka dirisha wanarudi kwenye chai. Wimbo ulikuwa mmoja, na wakati wa wimbo mwanamke alikuwa anakunja nguo. Ikafika mahali mwanamume akasema maneno machache, mwanamke akabaki na kikombe mkononi bila kujibu, na kamera ikamkazia macho, ikamkazia, mpaka benchi la nyuma likaanza kupiga mbinja.

Kazi ya kuwaokoa watu na filamu kama ile ilikuwa ya Jeancy. Yeye ndiye mfasiri wa ukumbi. Hukaa kwenye kiti kando ya televisheni, mikro ya kusemea mkono mmoja, mkono mwingine kwenye kitufe cha sauti. Wahusika wakizungumza anaishusha sauti yao na kusema yeye. Wimbo ukianza anaipandisha. Kihindi hakijui. Hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote, na hakuna aliyelijali. Anasoma macho ya watu, anasoma mikono yao, anasikiliza muziki kama ni wa hasira au wa huruma, na kinachobaki anakijaza mwenyewe. Tena anakijaza kwa mambo ya kwetu, ndivyo tulivyozoea: tajiri wa Kihindi anakuwa mwenye meli pale bandarini Kalundu, mama mkwe anatoka soko la Mulongwe na kapu lake, mwizi anavuka mpaka kukimbilia Burundi. Watu wanakuja kumsikiliza yeye kuliko kuangalia filamu. Anajua, na kujua huko kulikuwa kumemvimbisha kichwa kidogo.

Siku ile maneno yake hayakushika. Alijaribu ugomvi wa ndugu. Alijaribu uchawi, lakini uchawi utautia wapi kwa watu wanaokunywa chai? Mabenchi mawili yalikuwa yamekwisha kuinuka. Mathieu alisimama mlangoni akimtazama kwa jicho ambalo halihitaji mfasiri. Jeancy akaogopa. Ndipo akachukua maneno yaliyokuwa karibu, na maneno yaliyokuwa karibu hayakuwa yake.

Jeancy anakaa mtaa wa Kilibula kwa mama yake mdogo, Mama Josée, ndugu wa marehemu mama yake. Ndiye aliyemlea. Ni mjane, fundi wa kushona, na sare za kwaya nusu ya parokia zimepita mkononi mwake. Nyumbani wako watatu: yeye, Jeancy, na Chérie, mjukuu wake wa kike anayemwita koko, ambaye mama yake alienda Kalemie kutafuta maisha na sasa hapigi simu mpaka sikukuu. Baba wa mtoto yuko Bukavu na mke mwingine.

Mwaka uliopita alikuja mlangoni mwao mkulima wa mpunga kutoka Luberizi, jina lake Damien, aliyefiwa na mke, na suruali iliyopungukiwa kifungo. Kifungo kikashonwa. Akarudi na shati lenye kifungo kilichotoka. Kisha koti. Ukimwuliza Jeancy, vifungo vile vilikuwa vinakatwa kwa wembe. Mama Josée alivishona vyote bila neno, na vifungo vilipokwisha, simu zikaanza.

Damien alipiga karibu kila jioni. Mama Josée hushona mpaka giza liingie, mikono yote miwili iko kwenye nguo, kwa hiyo simu ilikaa juu ya meza ya cherehani ikiwa kwenye spika. Jeancy alikuwa pale pale anakula ugali wake na samaki wa mukeke. Hakuambiwa atoke, wala sauti haikushushwa. Mtoto uliyemlea mwenyewe unamfichia nini?

Damien si mtu wa maneno mengi. Anazungumza habari ya maji ya mfereji, habari ya ndege wanaokula mpunga, habari ya barabara. Akiwa na neno zito anakohoa kwanza, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Jioni moja akakohoa hivyo, akasema:

"Mama Josée, tangu mama ya batoto afe, minye nalalaka upande mumoja tu ya kitanda. Ule mwingine sijaulalia hata siku moja. Nautandikaka tu."

Cherehani likasimama. Mama Josée alibaki vile vile, mguu kwenye kikanyagio, mkono juu ya nguo ya bibi arusi wa watu, macho kwenye sindano. Jeancy alikuwa na samaki mdomoni na hakuthubutu kutafuna. Kimya kikawa kirefu hata Damien akadhani mtandao umekatika.

"Allô? Mama Josée, uko?"

"Niko," akasema Mama Josée.

Hakusema zaidi ya hapo. Wakarudi kwenye habari ya mvua, wakaagana, na cherehani likaanza tena taratibu. Jeancy alijua kwamba amesikia jambo kubwa, na kwamba hakuwa mtu wa kulisikia.

Maneno hayo ndiyo aliyoyatia kwenye mikro. Mwanamume wa kwenye filamu alipofungua mdomo, Jeancy akakohoa mara mbili. Akasema huyu ni Papa Mupunga, mulimaji wa bonde, mke wake alifariki. Kisha akasema yote, neno kwa neno, kwa sauti ya Damien: upande mmoja wa kitanda, na ule mwingine anautandika tu.

Ukumbi ukatulia. Waliosimama wakageuza shingo. Hapo Jeancy angeweza kuacha, na huenda wale akina mama wangelia kama walivyokuja kulia. Lakini kwenye televisheni mwanamke hakujibu. Alikaa na kikombe chake, akakaa, na kimya kile kikamtia Jeancy jasho. Mfasiri anaogopa kimya kuliko umeme kukatika. Umeme ukikatika watu wanalaumu umeme. Basi akamchekesha mwanamke. Alicheka kwa sauti nyembamba, ndefu, mdomo kwenye mikro, akamjibu:

"Papa Mupunga, ku ule upande utie tu magunia ya muchele, njo itakupashaka moto."

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga mabenchi kwa mikono. Waliokuwa mlangoni walirudi wakakaa, na toka hapo hata chai ilichekesha. Filamu ilipofika mwisho, mwanamke yuko peke yake kwenye kituo cha treni na mwanamume hajatokea, Jeancy aliwaambia kwamba Papa Mupunga yuko njiani na gunia kichwani. Walitoka wakiwa wameridhika.

Usiku haukuwa umeingia bado alipofika Kilibula na kusikia cherehani tangu njiani. Kitu kikamchoma kidogo. Akajiambia kwamba hakutaja jina. Hakusema Luberizi, hakusema Damien, hakusema fundi. Alijiambia hivyo akivua viatu, akajiambia tena akinawa mikono, na Mama Josée alipomwuliza kama filamu ilikuwa nzuri, akasema ilikuwa ya hovyo kabisa. Kwa hilo hakudanganya.

Neno likapita Kimanga kama homa ya watoto. Kijana akikaa peke yake kwenye benchi, mwenzake anamwuliza kama ule upande mwingine uko na mtu. Muuza mchele akipanga magunia yake, anaulizwa kama anatandika. Watu walimwomba Mathieu airudishe "ile ya Papa Mupunga", na Mathieu, ambaye alikuwa tayari anataka kuifuta, akairudisha Jumapili iliyofuata. Ukumbi ulijaa hata madirisha. Jeancy alikuwa na wiki nzima ya kubadilisha maneno. Angeweza kumfanya Papa Mupunga kuwa mvuvi, au askari, au kinyozi. Watu walikuwa wamekuja kusikia kikohozi, naye akawapa kikohozi, tena akakirefusha. Ile ya kwanza mtu anaweza kuisamehe kwa woga. Hii ya pili ilikuwa kutafuta sifa tu.

Wiki iliyofuata simu ya jioni haikulia.

Jioni ya kwanza Mama Josée alisema labda mtandao wa Luberizi. Jioni iliyofuata alisema labda ni maji ya mfereji, watu wa mpunga wanagombania zamu. Baadaye hakusema tena. Alishona na kutupia jicho simu, akashona na kutupia jicho, hata akapitisha mshono wa mkono wa gauni mahali pa shingo na ikabidi afumue. Hajawahi kukosea hivyo. Jeancy alikula bila kuinua macho.

Sababu aliipata kwa Gédéon, dereva wa pikipiki, motari kama tunavyowaita, anayebeba watu na magunia kati ya Kimanga na uwanda wa Ruzizi. Gédéon alimkuta mbele ya ukumbi, akamshika bega kwa furaha.

"Weye utauwa bantu na kicheko. Kuko papa mumoja ya Luberizi, nilimubebea muchele, akashuka ku soko. Bamotari bakamuuliza: Papa Mupunga, ule upande mwingine, unatandikaka bado? Yule papa akasimama. Akauliza: hiyo maneno mulitoa wapi? Tukamuambia ni ku filme, kwa Jeancy, na mama ya ku filme anamuseka vizuri, anamuambia atie magunia. Akauliza tena: anamuseka? Tukamuambia ndiyo, anaseka mpaka machozi. Akapandisha muchele yake ku pikipiki yangu, hata kilo moja hakuuzisha, akaniambia tukarudi."

Gédéon alicheka peke yake. Jeancy alielewa. Filamu kutoka India haiwezi kujua kitanda cha mtu wa Luberizi. Damien maneno yale alimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo anaishi na mfasiri. Atakuwa amewaona wote wawili akilini mwake, mama na mtoto wake, simu iko juu ya meza, wanashika mbavu.

Hapo ndipo mtu mwema angeenda nyumbani na kusema. Jeancy alienda nyumbani. Alikuta Mama Josée amewasha mkaa kwenye pasi, na akakaa, na akasema ameshiba. Kesho yake nayo ikapita hivyo. Kila neno alilolitafuta lilianza vizuri na kuishia mahali pale pale, kwenye kile kicheko, na hapo ulimi ukagoma. Mtu aliyejaza maneno midomoni mwa Bombay nzima alikosa la kwake.

Mama Josée ndiye aliyeanza.

"Jeancy, weye unaonaka filme mingi. Mwanaume akinyamaza hivi, iko maana gani?"

"Sijue, mama."

"Minye najua," akasema. "Ile siku ya mwisho nilimuambia kama nikikuya kwake, nitakuya na Chérie. Alisema ni sawa. Lakini alisema haraka. Tangu ile siku hajapiga."

Jeancy angesema hapo. Alinyoosha mkono akachukua birika, akamimina maji ambayo hakuyataka, akayanywa. Hata sasa akikumbuka maji yale anajichukia.

Jumamosi asubuhi aliamka akakuta mkoba wa Chérie mezani. Mama Josée alikuwa anapiga pasi nguo za mtoto, ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, na kuzikunja vizuri kama nguo za wateja. Chérie alikaa kwenye kizingiti, amevalishwa viatu vya kanisani siku isiyo ya kanisa, anaangalia barabara.

"Anaenda wapi?" Jeancy akauliza.

"Bukavu. Kwa nyanya yake, mama ya baba yake. Nilimupigia jana, alikubali."

"Juu ya nini?"

Mama Josée aliiweka pasi pembeni. Alisema kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, na mtoto alisikia.

"Juu nimezeeka, Jeancy. Muntu anaweza kupenda mama na asipende muzigo. Minye sijamulaumu. Nikimutuma Chérie mbele, kisha nimupigie mwenyewe Papa Damien, nimuambie niko peke yangu, labda."

Hakumaliza. Akachukua gauni jingine la mtoto na kulikung'uta.

"Mama, acha," akasema Jeancy. "Haiko Chérie. Ni minye."

Akasema. Alianza na filamu na chai na mabenchi yaliyoinuka, na Mama Josée alimwangalia bila kuelewa, maana kwa nini mtoto huyu anamletea habari za filamu saa hizi. Kisha akafika kwenye kikohozi. Kisha kwenye kitanda. Mama Josée aliyashika maneno yale kabla hayajaisha, na uso wake ukajifunga. Alikaa kama alivyokaa jioni ile ya simu, mkono juu ya nguo, macho chini, na Jeancy alikitambua kimya kile.

"Bantu baliseka?" akauliza mwishowe.

"Baliseka, mama."

"Na ule mama ya ku filme, ulimufanya aseme nini?"

"Nilimufanya aseke."

"Ulisema nilimuseka."

"Nilisema mama ya ku filme."

"Jeancy."

"Ndiyo, mama. Nilisema ulimuseka."

Alingoja kofi. Angelishukuru. Mama Josée aliuvuta mkoba na kuanza kutoa nguo za Chérie, gauni, soksi, sweta, akazirundika mezani.

"Ile neno haikukuwa yangu nikupatie," akasema. "Haikukuwa yako ubebe. Ilikuwa yake, peke yake. Alinipatia minye niitunze." Akamgeukia Chérie. "Vua viatu, mutoto wangu. Hauendi fasi yoyote."

Kwa Jeancy hakusema enda wala kaa. Jeancy akaondoka.

Gédéon alimpeleka Luberizi. Njiani alijaribu mizaha ya Papa Mupunga, akaona abiria wake hajibu, akanyamaza. Walipita Kiliba, wakapita Sange, mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa njano pande zote za barabara. Luberizi watu walimwonyesha shamba. Damien alikuwa amesimama kwenye tuta, ameshika kamba ndefu iliyofungwa makopo matupu. Akiivuta, makopo yanalia shamba zima na ndege wanaruka.

"Jambo, papa," akasema Jeancy.

Damien alimwangalia kutoka miguuni mpaka usoni. "Weye njo ule wa filme."

"Njo minye."

"Mama Josée amekutuma?"

"Hapana. Hajanituma."

Damien alimpa ncha ya kamba nyingine iliyokuwa chini. "Basi vuta. Batoto bameenda kula, na hii ndege haina adabu."

Kwa hiyo Jeancy alikiri kosa lake akivuta makopo. Kila alipofika mahali pagumu ndege walitua, ikabidi avute na kungoja kelele iishe ndipo aendelee. Alisema kila kitu. Alisema habari ya spika na mikono ya mama yake mdogo isiyo na nafasi. Alisema Jumapili ya kwanza na ya pili, na kwamba ya pili hakuwa na woga wowote wa kujitetea nao. Alisema mkoba wa Chérie. Damien alimsikiliza akiangalia mpunga.

Halafu akakohoa, mara mbili. Jeancy aliposikia kikohozi kile, chenyewe hasa, kwa mwenyewe, alitaka ardhi ya shamba immeze.

"Niambie kitu kimoja," akasema Damien. "Aliseka?"

"Ku filme nilimufanya minye—"

"Wacha filme. Pale nyumbani, ile jioni. Nilisema, kisha simu ikanyamaza. Ikanyamaza sana. Minye niliwaza anatafuta maneno. Sasa, tangu bamotari baniambie, nalala nawaza: labda alikuwa anaseka, amefunga kinywa na mukono ili nisisikie. Weye ulikuwa pale. Aliseka?"

Ndege walitua na hakuna aliyevuta kamba.

"Hapana, papa," akasema Jeancy. "Alisimamisha mashini. Mukono ilibaki juu ya nguo. Aliangalia sindano, hakutikisika hata kidogo. Na minye niliogopa kutafuna. Kisha alisema niko. Ile jioni hakushona vizuri tena."

Damien alisogeza kofia yake nyuma. Alikaa kwenye tuta, miguu kwenye maji ya mfereji.

"Na ule mama ya ku filme, ya kweli, kabla umutie kicheko. Yeye alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Alikaa tu na kikopo ya chai, muda murefu. Njo maana bantu balichoka."

"Alikaa namna Mama Josée alikaa?"

Jeancy alimwona tena yule mwanamke wa televisheni, kidole kimoja kwenye mdomo wa kikombe, macho chini. Alikuwa amemwangalia Jumapili mbili na hakumwona.

"Ndiyo, papa. Vile vile."

"Basi ungenyamaza," akasema Damien.

Hakupandisha sauti. Alichukua kamba zote mbili, akavuta, na ndege wakaruka hadi shamba la jirani. Jeancy alisimama akingoja aambiwe kingine, asamehewe au afukuzwe. Damien alimwambia tu apite upande wa barabara, tuta la huku limelowa, ataanguka.

Pale Kimanga, pikipiki iliposimama, kijana mmoja alimpigia kelele kutoka kwenye benchi kama ule upande mwingine umeshapata mtu. Wenzake wakacheka. Jeancy aliwaambia waache. Wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka zaidi. Mathieu alikuwa ameshaibandika tena picha ya sari nyekundu kwa Jumapili ya kesho, na Jeancy alipomwambia kwamba hatafasiri, alimwuliza kama ana malaria. Damien akirudi sokoni na mchele wake atalisikia neno lile. Atalisikia mwaka huu na mwaka kesho. Hakuna kitufe cha kulishusha.

Kilibula, Mama Josée alikuwa kwenye cherehani. Hakumwuliza alikotoka. Alimwonyesha kwa kidevu chungu kilipo, akaendelea kushona, na Jeancy akakaa mahali pake na sahani yake. Chérie alikuwa chini, miguu peku, na vipande vya vitambaa, anamvalisha mdoli wa mgomba. Simu ilikuwa juu ya meza. Mwanga wa nje ulianza kupungua, na hakuna aliyeitazama simu, kila mmoja kwa sababu yake.

Ikalia.

Mama Josée aliinua mguu kwenye kikanyagio. Mikono yake ilikuwa na nguo, kama siku zote, na kama siku zote kidole kilikwenda kwenye kitufe cha spika. Kikasimama hapo. Akamtazama Jeancy. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Alimtazama kama unavyomtazama mgeni aliyekaa karibu na kapu lako sokoni. Kisha akaiweka nguo chini, akaiweka simu sikioni, akasimama na kutoka uani.

Kupitia mlango walimwona mgongo. Alienda mpaka kwenye ukuta wa jirani, akasimama, mkono mmoja umeshika ukuta. Kwa muda mrefu hakufungua mdomo. Kisha mabega yake yakashuka kidogo, na kichwa kikainama upande wa simu.

Chérie aliacha mdoli, akaja kumshika Jeancy mkono.

"Ni Papa Damien? Anamuambia nini?"

"Sijue," akasema Jeancy.

"Na koko, yeye anajibu nini?"

"Sijue, Chérie."

Mtoto aliendelea kumtazama, maana amezoea kwamba huyu anajua watu wanasema nini hata asipowasikia. Jeancy aliinuka, akamsogeza mtoto ndani, akausukuma mlango wa uani polepole mpaka ukafungika.